Je, kuongeza wajumbe wa bodi ya TCAA kutazitoa ndege zetu kwenye orodha ya Ulaya?

SWALI: Shikamoo Injinia. Mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Dar es Salaam, naandika tasnifu kuhusu mamlaka za udhibiti. Nimesoma kwamba mwaka 2014 Australia waliongeza viti viwili kwenye bodi ya mamlaka yao ya usalama wa anga, CASA. Sisi nasi Juni 2025 mashirika yetu yote ya ndege yaliwekwa kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya wasioruhusiwa kuruka huko. Kwa nini tusiipanue bodi ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, akaingia rubani, mwakilishi wa mashirika ya ndege, mwakilishi wa abiria na mtu wa Zanzibar? Hilo lisingetusaidia kutoka? — Msomaji, Kinyerezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nikupe jibu kabla ya maelezo. Kuongeza viti peke yake hakutatutoa kwenye orodha ile, na kimoja kati ya viti vinne ulivyovitaja kinaweza hata kutuongezea matatizo. Lakini wazo lako lisitupwe. Umelishika kwa upande wa idadi, na mimi nakuomba ulishike kwa upande wa kazi: bodi inaruhusiwa kugusa nini, inakatazwa kugusa nini, na ni makabrasha gani yanafika mezani pake.

Habari ya Australia husimuliwa kuanzia 2014, na hapo ndipo inapopoteza maana. CASA ilianzishwa Julai 1995, nchi ikiwa bado na majonzi ya ajali mbili za mashirika madogo. Moja ilitokea karibu na mji wa Young mwaka 1993, wakafa watu 7. Nyingine ilikuwa Oktoba 1994, ndege ya Seaview ikielekea kisiwa cha Lord Howe ikapotea baharini na watu 9. Mamlaka mpya ikaanza na bodi. Mwaka 2003 serikali ikaivunja bodi hiyo, ikitaka mkuu wa mamlaka awajibike kwa waziri bila watu wa katikati. Mei 2005 ndege ikagonga kilima karibu na Lockhart River, Queensland, wakafa wote 15. Seneti ikaihoji mamlaka mwaka 2008, na Julai 2009 bodi ikarudishwa, safari hii ndogo, watu wasiozidi 5 pamoja na mkurugenzi mwenyewe. Halafu 2014, chini ya waziri Warren Truss, wakaongeza viti viwili. Yaani ndani ya miaka isiyofika ishirini wenzetu wamekuwa na bodi, wamekaa bila bodi, wamerudi kwenye bodi ndogo, wakaipanua. Atakayekuambia kuna idadi sahihi ya viti, muulize ni ya mwaka gani.

Kwa nini basi 2014? Hapa pana jambo la kusoma taratibu. Usiku wa tarehe 18 Novemba 2009, ndege ndogo ya kusafirisha wagonjwa, mali ya Pel-Air, ilikuwa inatoka Apia, Samoa, ikitarajia kujaza mafuta kisiwa cha Norfolk. Hali ya hewa ikawa mbaya, rubani akajaribu kutua akashindwa, mafuta yakawa yanakwisha, akaishusha ndege baharini gizani. Waliokuwemo walikuwa 6 na wote walipona. Ripoti ya kwanza ya wachunguzi wa ajali, iliyotoka 2012, ilimtazama zaidi rubani. Kumbe ndani ya CASA kulikuwa na ripoti yao wenyewe ya mwaka 2010, iliyokiri kwamba hata mamlaka haikuisimamia kampuni ile inavyopasa. Ripoti hiyo haikukabidhiwa kwa wachunguzi. Ilikuja kuanikwa na Seneti mwaka 2013, uchunguzi ukafunguliwa upya, na ripoti ya pili ikatoka 2017.

Novemba 2013 Truss akaunda jopo la kupitia mfumo mzima, likiongozwa na David Forsyth, na mwaka 2014 likatoa mapendekezo 37. Kuongeza viti viwili kulikwenda sambamba na kazi hiyo, kwa nia ya kuingiza watu wenye uzoefu wa anga kwenye bodi. Lakini jopo lenyewe halikuishia kwenye viti. Lilisema uhusiano wa mamlaka na sekta umekuwa wa kiadui, na likataka bodi ishike usukani kikamilifu, isikae kama pambo.

Sasa rudi kwenye ile ripoti ya 2010. Bodi ya watu watano isiyoletewa ripoti ile haiwezi kuihoji, na bodi ya saba isiyoletewa haiwezi pia. Ukiandika tasnifu yako bila kuligusa hilo, msimamizi wako akurudishie.

Tuje nyumbani, Banana, Ukonga, kwenye jengo la Aviation House.

TCAA kama unavyoijua ilianza 2003. Mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais, wajumbe na Waziri. Desemba 2024 Ulaya iliizuia Air Tanzania peke yake. Juni 2025 ikaja hatua nzito zaidi: mashirika yote yenye cheti kutoka Tanzania, likiwemo lenye kijindege cha watalii kisichowahi kuota kufika Ulaya. Ona tofauti. Desemba ilihusu shirika. Juni ilihusu anayetoa cheti. Hoja ilikuwa usimamizi wa usalama wa nchi: uhaba wa wataalamu wenye sifa, na usimamizi dhaifu wa uendeshaji wa ndege na wa ubora wa ndege zenyewe.

ICAO, lile shirika la Umoja wa Mataifa lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944, hupima nchi kwa nguzo nane: sheria mama, kanuni, muundo wa mamlaka na kazi zake, wataalamu wenye sifa, miongozo na vitendea kazi vya wakaguzi, utoaji wa leseni na vyeti, ukaguzi endelevu, na namna kasoro zinavyofungwa. Hakuna nguzo inayosema bodi iwe na watu wangapi. Ukaguzi wa 2017 uliipandisha Tanzania kutoka asilimia 37.8 hadi 64.35, na kupanda kwa namna hiyo hufanywa na watu wanaoandika kanuni, wanaofundisha wakaguzi, wanaofunga kasoro moja baada ya nyingine kwa ushahidi. Kazi ya kuchosha, haina picha ya kupiga na mgeni rasmi.

Ili uone bodi inaingilia wapi, twende Terminal One, kule zinakopakia ndege ndogo za Zanzibar na mbugani. Chukulia ni asubuhi, Cessna Caravan imeshajaza mafuta, abiria 12 wameshapimwa mizigo, wengine wana boti la kuwahi Nungwi. Mkaguzi wa TCAA anapanda bila taarifa na kuomba kitabu cha ndege, kile ambacho rubani huandika kila hitilafu. Anakuta hitilafu iliyoahirishwa ya daraja C. Kwa utaratibu unaotumika dunia nzima, kifaa cha daraja B kikiharibika ndege inaweza kuendelea kuruka siku 3, daraja C siku 10, daraja D siku 120, bila kuhesabu siku ile ilipoandikwa, kwa masharti kwamba kifaa kimo kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa kuahirishwa. Mkaguzi anahesabu kwa kidole: leo ni ya 11. Hakuna karatasi ya kuongezewa muda. Ndege hairuki.

Meneja anamwomba mkaguzi. Mkaguzi anakataa. Meneja anatoka nje na simu sikioni.

Anampigia nani? Usalama wa anga wa nchi unaishi kwenye jibu la swali hilo. Akimpigia fundi wake alete kifaa, mfumo uko salama. Akimpigia mkubwa wa mkaguzi kukata rufaa kwa utaratibu, uko salama bado. Akimpigia mjumbe wa bodi ambaye wiki iliyopita walikaa meza moja kwenye kikao cha chama cha wenye ndege, mkaguzi yule hatakuwa mkali tena, na wenzake watasikia kabla ya saa nane mchana. Hakuna atakayemfukuza kazi. Atahamishiwa tu kwenye dawati.

Ndiyo sababu kiti cha mwakilishi wa mashirika ya ndege nakikataa waziwazi. Mashirika yana haki ya kusikilizwa, tena kwa kirefu, kanuni zinapotungwa, maana wao ndio wanaojua kanuni fulani inagharimu nini pale hangani. Wapewe jukwaa la ushauri, waandike maoni, wajibiwe kwa maandishi. Lakini asiwepo mtu anayeingia kwenye bodi kwa niaba ya wanaokaguliwa. Utaniambia atatangaza mgongano wa maslahi na kutoka nje ya chumba. Kwenye sekta ndogo kama yetu, ambako cheti cha shirika moja kinagusa biashara ya jingine, atakuwa anatoka nje kila ajenda ya maana. Tutamlipa posho ya kusimama koridoni.

Wala usidhani hili ni ugonjwa wa nchi maskini. Marekani haina bodi kabisa juu ya FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga. Kuna mkuu mmoja mwenye kipindi cha miaka mitano. Hata hivyo walifika mahali wakawaachia wafanyakazi wa Boeing sehemu kubwa ya kazi ya kuithibitisha ndege ya Boeing, 737 MAX. Oktoba 2018 wakafa watu 189 Indonesia, na Machi 2019 wakafa 157 Ethiopia, wakiwemo majirani zetu wengi wa Kenya. Anayedhibitiwa akishaingia sebuleni kwa mdhibiti, hakuna muundo utakaokuokoa, uwe wa bodi au usio na bodi.

Rubani je? Ndiyo, kwa masharti. Asiwe ameajiriwa na shirika lenye cheti cha Tanzania, na asiwe na hisa humo. Marubani wastaafu tunao, na wengine wanarudi kutoka mashirika ya Ghuba na kwingineko wakiwa bado na nguvu. Ila ukiniuliza mimi, na hapa fani yangu inanivuta, kabla ya rubani ningetafuta mtu wa matengenezo aliyewahi kusimamia ubora, na mtu aliyefanya ukaguzi wa usalama wa ICAO au wa CASSOA, ile taasisi ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 2007 yenye makao Entebbe. Watu hao wanajua kusoma ripoti ya ukaguzi na kuuliza swali la pili. Swali la kwanza, yaani "je, tuko salama?", kila mjumbe analijua, na jibu lake siku zote ni ndiyo.

Zanzibar haina mjadala. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na nyingi ya zile ndege ndogo za Terminal One huishi kwa njia ya Unguja. Tahadhari yangu ni moja: asiteuliwe ofisa wa mamlaka ya viwanja vya ndege ya Zanzibar akiwa bado kazini, maana viwanja navyo hukaguliwa na TCAA.

Abiria tayari wana baraza lao la ushauri wa watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA-CCC. Ningelipa baraza hilo meno na bajeti kuliko kumchukua mtu mmoja na kumzamisha kwenye bodi, ambako malalamiko ya mizigo iliyopotea yatashindana na mambo ya kiufundi na kushindwa.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ni zito kuliko viti. TCAA inakagua usalama, na wakati huohuo inatoa huduma ya kuongoza ndege angani, pamoja na kusimamia chuo. Rada zile nne tulizozishangilia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, ni zake. Waongozaji wa minara ni watumishi wake. Ni refa na mchezaji kwa jezi moja. Uingereza nao walikuwa hivyo mpaka 2001 walipotenganisha huduma ya kuongoza ndege na mdhibiti. Sisi tunaweza tusifike huko kesho, ni gharama kubwa, lakini angalau bodi ijue kwamba inasimamia pande mbili zenye maslahi tofauti, na kwamba upande wa mradi na tenda ndio wenye kelele.

Kama umewahi kukaa kwenye sekretarieti ya bodi yoyote ya shirika la umma unajua siku inavyokwenda. Kikao kinafunguliwa, dondoo zinathibitishwa, yatokanayo yanakula saa nzima, kisha bajeti, manunuzi, ajira, jengo, gari. Kuna kamati ya ukaguzi, nayo inakagua fedha. Taarifa ya usalama inafika saa tisa alasiri, kurasa zimejaa michoro ya rangi ya kijani, na mjumbe anayesafiri jioni ameshaanza kutazama saa. Viti vipya viwili vya wataalamu vikiingia kwenye ratiba hiyo, vitachoka kama vilivyovitangulia.

Kwa hiyo kama Waziri angeniita, ambalo halijatokea na sina dalili, ningemwambia aongeze viti viwili vya ufundi na siku hiyohiyo aunde kamati ya usalama ya bodi inayokutana peke yake, siku tofauti na fedha. Kamati iletewe karatasi ambazo menejimenti haipendi kuzileta: wakaguzi wangapi wameondoka na wamekwenda wapi, kasoro zipi zimepita tarehe ya kufungwa na ni za shirika gani, vyeti vingapi vimeongezwa muda bila ukaguzi kamili, na mapendekezo ya wachunguzi wa ajali yamefikia wapi. Hilo la mwisho ni la lazima. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, kati ya watu 43 wakafa 19. Uchunguzi wa ajali uko wizarani, nje ya TCAA, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kila pendekezo linalotoka huko na kuihusu mamlaka liwe na mstari wake kwenye jedwali la bodi, na jina la mtu anayelishughulikia, mpaka lifungwe.

Na iandikwe kwenye sheria, kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma, kwamba hakuna mjumbe wa bodi atakayeelekeza, kuchelewesha au kulegeza uamuzi wa mkaguzi kuhusu ndege, rubani au shirika fulani. Bodi iseme tunataka wakaguzi wangapi, walipwe vipi ili wasichukuliwe na mashirika wanayoyakagua, wakague mara ngapi. Ikishasema hayo, ikae mbali na ile Caravan.

Kuhusu orodha ya Ulaya, kumbuka inapitiwa kwa ushahidi. Wataangalia wakaguzi walioajiriwa na kufundishwa, kasoro zilizofungwa, vyeti vilivyotolewa upya kwa utaratibu. Bodi iliyopanuliwa inaweza kuwa sehemu ya maelezo kwenye barua, sentensi moja hivi. Wakaguzi wenye leseni za aina ya ndege tulizonazo ndio watakaokuwa barua yenyewe.

Jambo moja la kisheria ulifuatilie, maana hapo ndipo tasnifu yako inaweza kusema kitu kipya. Australia, mkurugenzi wa usalama wa anga huteuliwa na bodi baada ya kushauriana na waziri. Kwetu Mkurugenzi Mkuu hapatikani kwa uamuzi wa bodi. Uteuzi unatoka juu serikalini. Mjumbe anayejua kwamba hakumweka mkurugenzi na hawezi kumwondoa atauliza maswali kwa sauti ya namna gani? Linganisha vifungu hivyo viwili kabla ya kulinganisha idadi ya viti. Sheria ya Australia ni ya 1988 na marekebisho yake, na sehemu inayohusu bodi si ndefu. Ukipanda daladala ya Kinyerezi asubuhi ya Jumatatu utakuwa umeimaliza kabla hujavuka Tabata.